Kuanza kupima damu kwa mfuko leba: mpango wa vihatarishi uandikwe vipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi mkunga kwenye kituo cha afya wilayani Chamwino, Dodoma. Hadi sasa damu inayotoka baada ya mama kujifungua tunaikadiria kwa macho. Tunataka kuanza kutumia mifuko ya plastiki yenye alama za mililita, inayotandikwa chini ya mama ikusanye damu, na damu ikifika kiwango cha hatari tutoe matibabu yote kwa pamoja badala ya kujaribu dawa moja na kusubiri. Mganga mfawidhi amekubali, ila anataka kwanza mpango wa kudhibiti vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kwenda vibaya. Sijawahi kuuandika. Nianzie wapi? Na mama akipata madhara, leseni yangu itakuwaje?

JIBU: Marahaba, sista. Hongereni kwa kuamua, maana macho yanatudanganya sana kwenye damu. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, ulionyesha kuwa palipotumika mfuko na matibabu ya pamoja, kina mama waliotokwa damu nyingi walitambuliwa asilimia 93. Kwingine walitambuliwa asilimia 51 tu. Matukio mabaya kabisa, yaani damu kufika lita 1 au zaidi, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo, yalipungua kwa asilimia 60.

Lakini zile zilikuwa hospitali, na ninyi ni kituo cha afya. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa vihatarishi vyenu, kwa hiyo usinakili mpango wa mtu mwingine. Wakusanye wakunga wa zamu zote, mhudumu wa wodi na mtunza dawa, msimame kando ya kitanda cha kujifungulia na kuigiza kazi yote toka mtoto anapotoka. Kila hatua muulizane: saa nane usiku, mkunga akiwa peke yake na mama wa pili anasukuma, hapa pataharibika nini? Majibu yake ndiyo rejista yenu ya vihatarishi.

Mkianza na mfuko wenyewe, utaona kwamba ukiwekwa mapema maji ya uzazi na mkojo vinaingia na mnasoma damu ambayo haipo. Uwekwe mtoto akishatoka na maji yakishamwagika. Ukitolewa mapema, mnapoteza ile saa ya kwanza ambayo mama anapaswa kuangaliwa kila baada ya dakika 15: damu, ugumu wa mfuko wa uzazi, mapigo ya moyo na presha. Halafu kuna siku mifuko itaisha. Andikeni tangu sasa kwamba hairudiwi kutumika kwa mama mwingine, na kwamba ikikosekana mtapima vitambaa na pedi kwenye mizani na kutoa uzito wake vikiwa vikavu. Gramu 1 ya damu mhesabu kama mililita 1.

Kiwango cha kuchukua hatua ni mililita 500, au 300 ikiwa kuna dalili nyingine mbaya kama mapigo kwenda mbio, presha kushuka au mfuko wa uzazi kulegea. Hapa niwasisitizie jambo moja: mama aliyeingia leba akiwa na upungufu mkubwa wa damu anaweza kuzidiwa kabla alama ya 300 haijafikiwa. Hali yake itangulie namba ya kwenye plastiki.

Sasa dawa, na hapa ndipo ninapowaomba mkae muda mrefu kuliko popote. Matibabu ya pamoja yana asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iache kuvuja, gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Kama kituo chenu kinafanya upasuaji wa kumtoa mtoto, basi kuna pia bupivakeini ya ganzi ya uti wa mgongo. Vichupa vya dawa hizi mbili vinaweza kufanana mno. Traneksamiki ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa makosa, mama hupata degedege, moyo huvurugika, na wengi hufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu kosa hilo hilo mwaka 2022. Ninyi mnaotaka kuokoa wanaovuja damu ndio mnaoongeza dawa hiyo jengoni, kwa hiyo kihatarishi hiki ni chenu hata kama kosa litatokea chumba cha upasuaji. Traneksamiki isikae kabisa kwenye trei au kabati la dawa za ganzi. Iwe na sanduku lake la dharura leba, lenye lebo kubwa, na anayechoma asome jina kwenye kichupa kwa sauti mwenzake akisikia. Mtaalamu wa ganzi ajulishwe kabla ya siku ya kuanza. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, nayo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika mchana wa joto la Dodoma, nani anaangalia jokofu?

Usiku wa mkunga mmoja hauwezi kumalizwa kwa kuandika "waongezwe watumishi". Andikeni jina la wadhifa: nani anaitwa, kwa simu ipi, anafika kwa dakika ngapi, na mhudumu anafundishwa kushika nini wakati wa kusubiri. Kama damu ya kuongezewa haipo kituoni, usafiri wa dharura wa kina mama, m-mama, uitwe kwa namba 115 huku matibabu yakiendelea, si baada ya kushindwa.

Fomu nyingi za halmashauri zinataka uzidishe uwezekano kwa madhara, kila kimoja toka 1 hadi 5. Jazeni, ila msiitegemee. Dawa kuingia uti wa mgongo ni 1 mara 5, jumla 5. Fomu kucheleweshwa kujazwa ni 5 mara 1, jumla 5 vilevile. Kwenye leba, pangeni kwa madhara kwanza. Chochote kinachoweza kuua kipate kinga na msimamizi hata kama mnaona hakitatokea.

Anzeni na zamu ya mchana, siku ambazo mpo wawili, kisha mwende usiku baada ya kukaa na kuyapitia mliyoyaona. Kabla ya mama wa kwanza, kubalianeni lini mtasimama: mathalani kosa lolote la dawa, au matibabu kuchelewa mara mbili kwa sababu ile ile. Mkunga yeyote wa zamu awe na mamlaka ya kusimamisha bila kusubiri kikao. Na mwambieni mganga mfawidhi mapema, na kupitia kwake timu ya afya ya halmashauri, kwamba idadi ya wanaotokwa damu nyingi itapanda kwenye ripoti za mwanzo. Walikuwepo siku zote, hamkuwa mnawaona. Nimeona kazi nzuri ikizimwa kwa sababu mtu mkubwa alisoma namba hiyo bila kuelezwa.

Kuhusu leseni, mtu anayefuata mwongozo unaotambuliwa na Wizara ya Afya, aliyefundishwa, mwenye idhini ya maandishi na kumbukumbu kamili kwenye faili la mama, hayuko mahali pamoja na aliyejianzishia jambo usiku kimyakimya. Hakuna karatasi inayokukinga na uzembe. Lakini Baraza la Uuguzi na Ukunga likiuliza, utakuwa na majibu: tulijua hatari hizi, tuliweka kinga hizi, tulisimama siku ile. Orodha ya waliofundishwa iwe na sahihi na tarehe, na mgeni wa zamu asishike mfuko kabla jina lake halijaingia. Kama mnataka kukusanya takwimu ili mchapishe, huo ni utafiti na unahitaji kibali cha maadili kabla ya kuanza, si baadaye.

Mama akipata madhara, mhudumieni kwanza, kisha mwelezeni yeye na ndugu zake ukweli siku hiyo hiyo. Kama mnashuku dawa, jazeni fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kabla zamu haijaisha, na kichupa kilichotumika kisitupwe.