Kabla hamjaandika "Zen" tena

Juzi nimekaa nyuma kwenye seminari ya mwaka wa kwanza ya sanaa ya Japani. Slaidi ya kwanza: Wimbi, ile chapa maarufu ya mchoraji Hokusai. Ya pili: "Zen", yaani Ubudha wa kutafakari. Wadogo zangu, mtaniua. Kila mwaka mnaingia na kitabu cha mhakiki Edward Said kwapani, mnawasema Wazungu waliojitungia Mashariki yao, kisha mnaitunga upya ileile.

1. Anzeni na rangi, roho baadaye. Wimbi lile la mnamo 1831 limetiwa buluu ya Prussia, rangi iliyovumbuliwa Berlin. Na wale mnaosema "wanatafakari ukuu wa maumbile" ni wapiga makasia wa mashua za kukimbiza samaki wabichi sokoni Edo (Tokyo ya leo). Wako kazini, jamani.

2. Picha za studio za Yokohama, mji wa bandari. Hapa nina kovu. Makala yangu ya kwanza ilibeba picha ya "samurai", askari wa upanga wa zamani, wa studio ya mpiga picha Kusakabe Kimbei: deraya kamili, uso mkavu. Niliyaandikia macho yake ukurasa mzima, mara heshima, mara mauti, mara ulimwengu unaozama. Nikausoma darasani kwa madaha. Msimamizi akauliza studio ilifunguliwa lini. "1881," nikajibu upesi, nikijivunia kukariri tarehe. Na kubeba panga hadharani kulipigwa marufuku lini? 1876. Hapo sauti ikaanza kunikauka. Samurai wangu alikuwa mtu aliyevalishwa na kusimamishwa mbele ya pazia, picha ikapakwa rangi kwa mkono na kuuziwa wageni walioshuka melini. Nilijaribu kujinusuru kwa kumsukumia lawama Felice Beato, Mzungu aliyeanza biashara hiyo mapema. Msimamizi akanitazama tu. Kimbei ni Mjapani, alijua mteja anataka nini, akamuuzia. Mimi nilikuja baadaye sana nikanunua, tena bila kuuliza bei.

3. Kwa hiyo msiwageuze Wajapani kuwa watazamwaji tu. Historia rasmi ya kwanza ya sanaa ya Japani ilitoka kwa Kifaransa, kwa ajili ya Maonyesho ya Paris ya 1900. Kamishna wa Japani kule alikuwa Hayashi Tadamasa, yuleyule aliyekuwa akiwauzia Waparisi chapa za ukiyo-e, aina ileile ya Wimbi. Mwanazuoni wa sanaa Okakura Kakuzō naye aliandika kwa Kiingereza mwaka 1903 kwamba Asia ni moja, na sentensi hiyo baadaye ikawafaa sana watu wa vita wa Japani. Mkikuta kazi imeandikwa kwa lugha ya kigeni, ulizeni ilimlenga nani. Mimi huwa naanzia hapo, hata kwenye katalogi za makumbusho, ambazo nyie mnazinukuu kama msahafu.

4. Jifunzeni kusoma mihuri iliyo pembeni mwa chapa. Inachosha, lakini ndiko aliko mchapishaji, na ndiye aliyetoa pesa.

5. Atakayeleta Wimbi wiki ijayo aje na jina la mchapishaji wake. Ni Nishimuraya Yohachi. Nimeshawapa, sasa tafuteni alikuwa akiwauzia akina nani pale Edo.