Mwombe aje na ripoti aliyoiandika

Ukitaka kujua yanayowakuta wanawake wanaoandika ripoti, maandiko ya miradi na miongozo ya kiufundi katika ofisi za Dar es Salaam, usianze kwa kuuliza "changamoto". Utajibiwa "hazikosekani, tunamshukuru Mungu", na mazungumzo yataishia hapo. Mimi humwomba mhojiwa aje na kazi moja aliyoiandika, ambayo tayari imeshatolewa kwa umma ili asiingie matatani na mwajiri.

Tunaipitia ukurasa kwa ukurasa. Rasimu ya kwanza aliandika nani? Aya hii aliibadilisha nani, na alitoa sababu gani? Jalada lina jina la nani? Hapo ndipo maneno hutoka. Dada aliyetoka kusema kwamba ofisini kwake hakuna ubaguzi anakuonyesha sura nzima aliyoiandika yeye, ikatoka kwa jina la mshauri mwelekezi. Mwingine ni mhandisi, lakini kila kikao anaambiwa yeye ndiye achukue muhtasari kwa sababu "una mwandiko mzuri". (Siku hizi sote tunaandika kwa kompyuta, lakini sifa hiyo haifi.)

Uliza pia kazi ilibaki kwa nani alipokwenda likizo ya uzazi. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Muda huo unatosha kabisa ripoti kupata mwenyewe mwingine.

Vibali vya utafiti ni lazima: barua ya chuo, na kwa mtafiti mgeni kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania); Kenya ni leseni ya NACOSTI, tume ya huko ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ila ukimwachia meneja akutafutie wahojiwa, atakupa wale anaojua watasema nini. Tafuta wengine mwenyewe, mkutane Jumamosi nje ya ofisi, na uwarudishie nauli.

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Kampuni ya ujenzi ikiwa na mwanamke mmoja tu anayeandaa zabuni, ukiandika "mwandishi wa zabuni, kampuni ya ujenzi", umeshamtaja. Mimi huondoa cheo, hutaja sekta kwa upana, kisha humsomea sehemu yake kabla sijaikabidhi. Akisema futa, futa, hata kama ndiyo nukuu uliyopanga kufungulia sura.