Kulala si kukosa imani

Shalom, dada yangu wa Ujiji. Umeuliza kama kuacha mkesha ni kurudi nyuma kiimani, maana Ijumaa unakesha, Jumamosi alfajiri uko mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshusha samaki, kununua dagaa, jioni kwaya, na siku hizi unasikia kizunguzungu.

Mkumbuke Eliya. Alipochoka hadi kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo safari ikaendelea. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kwa nini usikeshe siku za mbalamwezi tu? Wavuvi wenyewe hupumzika, kwa kuwa mwezi uking'aa taa zao za kuvulia usiku hazivuti dagaa, nawe asubuhi unalala bila hasara. Mchungaji mwenye busara ataelewa (asiyeelewa, mwambie akakubebee ndoo).

Kizunguzungu usikiombee tu. Kapime presha, sukari na wingi wa damu, na usifunge kabla ya majibu. Kama unatumia dawa, daktari akuelekeze kwanza. Halafu hao dagaa usiwauze wote! Ugali wa muhogo peke yake una protini kidogo mno.

Mazoezi sikuambii, kwa mizigo hiyo unayobeba.