Piga hodi, usubiri ukaribishwe

Mara yangu ya kwanza kuingia nyumba ya wazee tulikuwa watu ishirini na kitu, tumekodi gari, tumebeba mchele, sukari, sabuni na kanga. Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Tulishusha vitu, tukaomba dua, tukapiga picha, na kabla ya Magharibi tulikuwa tumeshaondoka. Wakati wa kuagana bibi mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Na wewe ni mtoto wa nani?" Nikamwambia gari linanisubiri.

Swali lile nililala nalo. Kwetu mtu akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, anakwambia kaa kitako tuzungumze. Anataka kujua ukoo wako, mtaa wenu, labda alimjua bibi yako, labda walichota maji kisima kimoja. Na mimi nilimjibu habari ya gari.

Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, nilirudi peke yangu. Nakushauri na wewe uanze kumtembelea mzee miezi hiyo. Kwenye nyumba za wazee za Zanzibar, Sebleni, Welezo, au Limbani kule Pemba, Ramadhani na sikukuu wageni hawakosekani, na sadaka zao ni jambo jema, sizibezi hata kidogo. Lakini Idi ikishapita, alasiri za nyumba ya wazee huwa ndefu sana. Watu wameoga, wameswali, wamekaa barazani, na hakuna anayekuja kwa ajili ya mmoja wao kwa jina lake.

Kabla ya kwenda, zungumza na msimamizi wa nyumba, na ikibidi na Idara ya Ustawi wa Jamii na Wazee. Jieleze wewe ni nani na unataka nini. Sema wazi kwamba unataka kukaa na mzee mmoja, siku moja kila wiki. Wahudumu ndio wanaojua nani amechangamka, nani anaumwa, nani hapendi kusumbuliwa. Mimi nilichagua Alhamisi baada ya Alasiri, jua likiwa limepoa. Ukishachagua siku usiibadilishe ovyo, na usiseme "nitakuja inshaallah" ukiwa moyoni unajua huji. Neno hilo ni zito kwa wazee wetu, wanalichukua kama lilivyo.

Sasa nije kwenye lile nililochelewa kulielewa. Chumba cha mzee ni kwake. Kitanda kile, sanduku chini yake, mswala juu ya ukingo, yote hayo ndiyo nyumba yake. Sisi wageni tunaingia kama tunaingia ofisini, tunakaa popote, tunafungua dirisha. Mwanzo na mimi nilifanya hivyo. Wiki ya tatu nilisimama nje ya mlango wa bibi ninayemtembelea nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Ndani nikasikia mtu anajisogeza, anavuta mtandio, anaweka kitu sawa. Halafu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Karibu, karibu mwanangu, pita ndani." Alikuwa amekaa wima, amenipangusia nafasi kwa kiganja. Siku ile yeye ndiye aliyeanza mazungumzo, na yeye ndiye aliyeniuliza hali za nyumbani, mmoja mmoja. Wazee wetu walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini ili apone lazima kwanza aachwe awe mwenyeji.

Kwa hiyo akikupa kitu, pokea. Bibi yangu huyo anapata Pencheni Jamii ya Zanzibar, ile iliyoanza 2016 kwa wazee waliotimiza miaka sabini, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi. Siku moja alifungua fundo la kanga akanipa shilingi elfu mbili, "kamnunulie mtoto halua." Nikakataa, tena nikaona nimefanya uungwana. Uso wake ulifunga, na alasiri ile hatukuzungumza tena la maana. Wiki ya pili nilimwomba radhi, nikaipokea fedha ile, nikamletea habari jinsi mtoto alivyoila halua mpaka kwenye viwiko. Alicheka akataka nimsimulie tena.

Watu huniuliza, sasa mnazungumza nini muda wote huo? Mara nyingi mikono ndiyo inayofanya kazi. Bibi ni mtu wa Pemba, na tangu utotoni anasuka ukili, ule mkanda wa majani wa kushonea mikeka. Nilimletea miyaa, majani yake ya kusukia, akanifundisha. Wa kwanza wangu aliufumua wote bila kusema neno, akaanza upya, vidole vyake vinakunja na kupitisha huku macho yako kwangu. Ndani ya kusuka huko ndipo yanapotoka maneno: usiku wa msimu wa karafuu, watu wamezunguka jamvi, koroboi katikati, wanachambua karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, na mtu akisinzia anarushiwa konyo. Sikuwahi kumuuliza "nisimulie maisha yako". Mzee akiulizwa hivyo hujibu kwa maneno mawili. Muulize hii inashikwaje, hiki kinapikwaje, mvua za zamani zilikuwaje. Kwa mwanamme inaweza kuwa bao, dhumna, au kikombe cha kahawa na redio ya mpira.

Usimuulize watoto wake wako wapi. Wapo waliozika watoto wao wote, wapo ambao hawakujaaliwa kuzaa, wapo waliokuja visiwani vijana kutafuta kazi, jamaa zao wakabaki bara. Akitaka atasema mwenyewe. Na usimhukumu mtoto usiyemjua mbele ya mama yake.

Mengine ni ya adabu tu. Asiyesikia vizuri usimpigie kelele. Kaa mbele yake, sema taratibu, mwachie aone midomo yako. Chakula ulizia kwanza kwa wahudumu, maana wengi wana sukari na presha, na kashata yako ya mapenzi inaweza kumlaza. Simu iweke kwenye mkoba. Ukiwa mwanamme na unamtembelea bibi, kaeni barazani.

Kuna mzee wa chumba cha jirani ambaye kumbukumbu zake zimeanza kupotea. Kila nikipita ananiuliza kama jahazi limeshatia nanga. Mwanzo nilikuwa namwambia, babu, hapa hakuna jahazi. Alikuwa anahangaika, anainuka, anataka kwenda kuangalia. Mhudumu mmoja ndiye aliyenifunza. Sasa namuuliza limebeba nini. Linabeba boriti za mikoko, au papa mkavu, kila siku lina shehena yake, na akishamaliza kunihesabia anatulia, ananiaga kwa heshima kubwa.

Zitakuwepo pia siku ambazo mzee wako hataki mtu. Bibi amewahi kunigeuzia mgongo akatazama ukuta. Usiichukulie kama deni. Nilikaa kimya nikasuka, na ilipokaribia Magharibi nikaaga kama kawaida. Aliitikia bila kugeuka.

Na ukisafiri, muage. Mwezi uliopita nilikuwa nakwenda Dar es Salaam wiki mbili, nikamwambia Alhamisi mbili hizi sitakuja, ya tatu nitakuja. Alichukua ukili wetu, akaupima kwa mikono yake miwili iliyonyooshwa, pima moja, pima mbili, mpaka mwisho, akaukunja akautia chini ya mto.

"Nenda salama," akasema. "Mimi sisuki peke yangu. Ukirudi tutaendelea ulipoachia."