Maswali ya Wasomaji: Mbwa Kazaa, Nani Alishwe Kwanza?

Safari hii karibu barua zote zimekuja na jambo moja, mbwa kazaa alafu mwenye mbwa kachanganyikiwa, na karibu kila mmoja anauliza awape watoto maziwa gani. Mama yao ni wachache wanaomuulizia. Haya twende.

Shikamoo dokta. Mbwa wetu kazaa watoto saba juzi usiku, ndo uzao wake wa kwanza. Asubuhi tukakuta wawili wamekufa na wa tatu kalegea. Huku baridi ni kali sasa hivi. Mke wangu anawapa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko lakini naona mengine yanatokea puani. Tuwape maziwa gani? – Msomaji, Njombe

Marahaba, na poleni sana. Kijiko kiwekeni chini kwanza. Mshikeni huyo aliyelegea mumtie kidole mdomoni, kama mdomo ni wa baridi basi shida ya kwanza sio maziwa ni baridi, na nina wasiwasi hata wale wawili ndo kilichowaondoa. Mtoto wa mbwa wiki ya kwanza hata kutetemeka hajui, joto lote anategemea tumbo la mama na wenzake, sasa akibiringika pembeni usiku kwenye sakafu ya saruji na Njombe ilivyo mwezi wa saba, asubuhi humkuti. Na akishapoa tumbo lake linasimama kufanya kazi, kwaiyo maziwa mnayompa yanakaa tu humo au yanaingia kwenye mapafu maana hata kumeza anashindwa. Hayo yanayotoka puani ndo dalili yenyewe. Mtoto aliyepoa hapewi maziwa, anapashwa joto kwanza, na anapashwa taratibu. Mtie kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, ukae nae hata saa nzima na zaidi, usimkimbize kwenye beseni la maji ya moto wala jikoni, joto la ghafla nalo linaua. Akianza kujinyonganyonga na kutafuta ziwa mpake glukosi au asali kidogo kwenye ufizi alafu mpeleke kwa mama, mshikilize kwenye chuchu za nyuma, mara nyingi ndo zenye maziwa mengi.

Hapo wanapolala wiki ya kwanza panatakiwa joto kama nyuzi 29 mpaka 32, baadae unapunguza kidogo kidogo. Sio lazima vifaa vya bei. Boksi kubwa lenye kingo, chini gunia na juu yake blanketi kuukuu, alafu chupa za plastiki zenye maji ya moto umezifunga kwenye khanga au sweta, zikipoa unabadilisha, usiku mtapokezana zamu hakuna jinsi. Mwenye umeme anaweza kuning'iniza bulbu ya zamani ile inayotoa joto, juu vya kutosha. Kona moja iache bila joto ili mama apate pa kupumulia. Wakiwa wamerundikana mmoja juu ya mwenzake wanasikia baridi, wakiwa wametawanyika kila mtu kivyake na wanalia basi joto limezidi. Ila jiko la mkaa msiingize kwenye chumba kilichofungwa, hiyo hewa yake inaua mbwa na inaua watu.

Sasa maziwa. Kama mama anayo na watoto wananyonya, msiwape kitu kingine chochote. Yale ya mwanzo, dang'a, ndo yana kinga, na tumbo la mtoto linaipokea kinga hiyo ndani ya siku moja tu tangu azaliwe, saa za mwanzo ndo bora kabisa. Maziwa ya ng'ombe matupu hayafanani na ya mbwa, ya mbwa yana mafuta na protini karibu mara mbili au zaidi na sukari yake ni ndogo, ndo maana wakipewa ya ng'ombe peke yake wanaharisha alafu hawaongezeki. Ikibidi, nasema ikibidi, mama kafa au hana maziwa, tafuta maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwenye maduka ya dawa za mifugo ya mjini. Wakati unayasubiri changanya kikombe cha maziwa ambayo hayajatolewa mafuta yaliyochemshwa yakapoa yakabaki vuguvugu, viini vya mayai vitatu bila ute mweupe, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti na chumvi punje chache. Hiyo ni ya kuvusha siku moja mbili, sio ya kulelea. Mtoto wa gramu 300 wiki ya kwanza anahitaji kama mililita 40 kwa siku nzima, ukigawa mara nane ni mililita tano tano tu, kwaiyo mnaowashindilia mpaka tumbo linakuwa ngoma acheni. Tumia chupa ndogo ya kunyonyeshea au bomba la sindano bila sindano yake, tone kwa tone, na mtoto alale kifudifudi kichwa kimeinuka kidogo, sio chali kama mnavyobeba mtoto wa binadamu. Akimaliza chukua pamba yenye maji vuguvugu umsugue taratibu sehemu za haja mpaka akojoe, mama ndo huwa anafanya hivyo kwa ulimi na bila hivyo mtoto mdogo hawezi kujisaidia mwenyewe, inaendelea mpaka kama wiki ya tatu.

Na tafuteni mzani, hata wa jikoni. Wapake rangi ya kucha kila mmoja ukucha wake tofauti ili mjue nani ni nani, wapimeni kila siku muda uleule. Uzito wa kuzaliwa unatakiwa uwe umeongezeka mara mbili ndani ya siku saba mpaka kumi. Ambae leo hajaongezeka kitu, huyo ndo wa kumtangulizia ziwa kabla ya wenzake. Mzani unakwambia mapema kuliko macho.

Habari dokta, mbwa wangu ana watoto nane wa wiki tatu. Yeye kakonda mpaka mbavu zinahesabika na watoto wanalia usiku kucha. Namlisha vizuri tu ugali wa dona na mchuzi kila jioni. Nimeambiwa nimnunulie vidonge vya kalsiamu, na watoto nianze kuwapa maziwa. – Mama wa Kimara, Dar es Salaam

Nzuri mama. Ila hapo kwenye "vizuri tu" ndo tugombane kidogo. Ugali na mchuzi mara moja kwa siku ni chakula cha mbwa anayelala getini, tena na yeye hakimtoshi. Huyu wako ana watoto nane na wiki ya tatu na ya nne ndo kilele cha maziwa, anahitaji mara mbili mpaka tatu ya alichokuwa anakula kabla hajabeba mimba. Anakula jioni, usiku watoto wanamaliza, mchana anatoa maziwa kutoka kwenye nyama ya mwili wake, ndo hizo mbavu unazohesabu. Ukiwapa watoto maziwa ya pakiti unalipia mara mbili kwa tatizo ambalo lipo kwenye sahani ya mama yao.

Mpe mara tatu au nne kwa siku. Dona iendelee lakini nusu ya sufuria iwe kitu cha nyama au samaki, nenda buchani ukaombe mapupu, utumbo, masalio ya nyama, sokoni chukua dagaa, siku mojamoja yai la kuchemsha. Dagaa hasa nawapenda kwa sababu analiwa na miba yake, kalsiamu anaipata humo humo bila vidonge. Vidonge usimpe kwa kuambiwa na mtu, na kwa wengine wanaosoma, mbwa mwenye mimba ndo kabisa, ukimjaza kalsiamu wakati wa mimba mwili unazembea kuitoa kwenye mifupa na siku ya kunyonyesha ikija anaanguka. Matumbo na mapafu chemsha mpaka yaive, na pafu au ini lenye malengelenge ya maji litupwe mbali au lichomwe, hiyo ni minyoo inayozunguka kati ya mbwa na mifugo na inamfika mpaka binadamu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inakatika vipande vyenye ncha. Vitunguu hapana. Na maji jamani, bakuli lijae muda wote, maziwa mengi yake ni maji, watu wanamlisha mbwa vizuri alafu bakuli la maji limekauka tangu asubuhi.

Watoto nao wiki hii ya nne inayoanza waanzie kulamba. Ugali laini kabisa kama uji mzito, dagaa waliosagwa humo, weka kwenye sinia la kingo fupi, watakanyaga, wataoga, mama atakuja kumalizia, ndo kujifunza huko. Wakizoea mzigo wa mama unapungua wenyewe.

Daktari, kambwa kangu ka Spitz kana wiki mbili tangu kazae, watoto watano. Tangu asubuhi kanahema sana, miguu imekakamaa, kanatetemeka na hakataki watoto. Joto la Nairobi ama? – Msomaji, Nairobi

Sio joto. Hii barua nilishaijibu kwa simu siku ileile, naiweka hapa kwa ajili ya wengine. Mbwa mdogo, watoto wengi, wiki mbili tatu tangu azae, anahema, anatetemeka, anatembea kama miguu ni ya mbao, hiyo ni kalsiamu imeshuka kwenye damu, wafugaji wa ng'ombe wanaiita homa ya maziwa. Baada ya kutetemeka inafuata degedege na kifo, na ni suala la saa sio siku. Watoto watolewe kwake hapohapo, mbwa apelekwe kwa daktari akatiwe kalsiamu kwenye mshipa polepole huku moyo ukisikilizwa. Hakuna cha kujaribu nyumbani. Watoto wakae bila kumnyonya kama siku moja, wapewe chupa, na daktari ndo atasema kama warudi.

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu, nina mbwa wa ulinzi shambani, kazaa chini ya mkorosho. Nataka kuwasaidia ila kuwashikashika nashindwa. Pia siafu wapo. – Msomaji, Tanga

Waalaykum salaam. Tena watoto wa mbwa wa shamba wenye mama mzima hawahitaji kushikwashikwa, mengi utayafanya bila kuwagusa. Mjengee mama yao kibanda kilichoinuka na mvua isiingie, chakula na maji karibu, basi. Panapobidi kushika zipo glavu za mpira kwenye duka la dawa, na kuhusu kujitoharisha sheikh wako anajua kuliko mimi. Siafu ndo usilale, hao wanaweza kumaliza uzao mzima usiku mmoja kwa sababu watoto hawawezi kukimbia, macho yenyewe yanafunguka siku ya kumi mpaka ya kumi na nne. Ukiona msafara wao upo jirani wahamishe watoto jioni hiyohiyo na kikapu, majivu kuzunguka kibanda yanasaidia kidogo tu.

Dokta viroboto vimejaa kwa watoto wa wiki mbili, jirani kanipa dawa ya kuogeshea ng'ombe niwachovye. Na dawa ya minyoo ni lini? – Msomaji, Morogoro

Usiwachovye! Nimeandika kwa herufi za kawaida lakini soma kama nimepiga kelele. Dawa za josho zimepimwa kwa mnyama wa kilo mia mbili, mtoto wa mbwa wa nusu kilo inamuingia kwenye ngozi na atajilamba pia. Lakini viroboto usivipuuzie, vikiwa vingi vinamnyonya damu mtoto mdogo mpaka ufizi unakuwa mweupe na anakufa. Chanuo la meno ya karibukaribu, beseni la maji ya sabuni pembeni, unachana unatumbukiza, kila siku. Tandiko lifuliwe kwa maji ya moto lianikwe juani, na ukipiga pasi ni bora zaidi maana kuna nzi anataga kwenye nguo na mchanga wenye unyevu alafu funza wake anaingia kwenye ngozi, watoto wanatoka majipu yenye tundu katikati. Kwa mama muone daktari akupe dawa inayoruhusiwa kwa anayenyonyesha.

Minyoo anza wiki ya pili, yani sasa hivi, alafu ya nne, ya sita na ya nane, na mama apewe nao, kwa sababu minyoo wanawapata kwake tangu tumboni na kwenye maziwa. Dozi ni kwa kilo, wapime kwanza.

Ya harakaharaka. Aliyeuliza kuhusu uchafu unaotoka kwa mama: kijani iliyoiva siku za mwanzo alafu damu ya kahawia inayopungua wiki tatu nne, hiyo kawaida. Ukinuka vibaya, au joto lake likipita 39.5, au ziwa moja limekuwa gumu jekundu na la moto, daktari leo. Na wakati unamsubiri usimpe diklofenaki wala Panadol, za kwako hizo. Wa Moshi ambae jirani anamdai mtoto wa wiki nne kwa vile "ameshaanza kula", mwambie asubiri wiki nane, huko kuumana na wenzake ndo wanajifunza kung'ata mwisho wapi. Chanjo ya parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu, na magonjwa mengine ya utotoni inaanza wiki ya sita mpaka ya nane na inarudiwa, ya kichaa cha mbwa miezi mitatu, ulizia kwa ofisa mifugo wa kata maana kuna nyakati zinatolewa kwa kampeni. Na wale watatu mliouliza mtafanya nini na uzao ujao: watoto wakishaacha kunyonya na maziwa yakishakauka, mpelekeni mama akafungwe kizazi, msingoje joto lingine la kutaka dume, linakuja bila kubisha hodi na madume ya mtaa mzima yatajua kabla yenu.