Kiangazi Hiki Sikiliza Albamu Iliyorekodiwa Chumbani

Kila Juni ikikaribia, marafiki huniuliza wasikilize nini msimu wa joto. Jibu langu ni lilelile: chukua albamu moja, isikilize nzima, na iwe ile ambayo sauti yake haikusafishwa studio. Orodha za nyimbo za kiangazi zinazopangwa na programu za simu huniacha mtupu. Zote zimeng'arishwa kwa kiwango kimoja, na jioni ikiisha hukumbuki hata wimbo mmoja.

Naishi Berlin, ambako katikati ya Juni jua huzama kama saa tatu na nusu usiku. Saa hizo ndefu za mwanga uliolegea ndizo zilizonifundisha kupenda muziki wa indi, ule wa lebo ndogo zinazojitegemea, yaani kampuni za kutoa muziki, na hasa folki ya saikedeli: gitaa moja, sauti ya mtu, maneno yanayokwenda kindotondoto, na mwangwi unaokupoteza kidogo.

Kama ni mgeni wa muziki huu, anza na Oh Me Oh My, albamu iliyomtambulisha Devendra Banhart mwaka 2002. Mwanamuziki huyu alizaliwa Texas mwaka 1981, akalelewa Caracas, Venezuela, kisha akahamia California. Nyimbo zake alizirekodi mwenyewe, nyingi kwa mashine ya njia nne, yaani kinasa sauti kidogo cha nyumbani, nyingine kwa kuziimba kwenye mashine za marafiki za kupokea ujumbe wa simu. Tepu zilipomfikia Michael Gira, kiongozi wa bendi ya Swans na mwenye lebo ya Young God Records, angeweza kumpeleka kijana studio aziimbe upya. Akaamua zitoke kama zilivyo. Nauheshimu sana uamuzi huo. Zimo nyimbo 22, nyingi fupi mno, na ndani yake unasikia tepu ikivuma, kidole kikiteleza kwenye waya, pumzi ikivutwa kabla ya neno.

Sasa namna ya kuisikiliza. Weka kando hedifoni zinazozuia kelele za nje. Tumia spika ndogo, dirisha wazi au nje kabisa kwenye baraza, sauti ya chini. Sababu si mapenzi tu. Rekodi za namna hii hazina besi nzito. Uzito wake wote uko katikati, kati ya besi na sauti za juu, pale sauti ya binadamu na gitaa zinapokaa. Kwenye hewa ya wazi, besi ndiyo hupotea kwanza kwenye spika ndogo, kwa hiyo albamu iliyotegemea besi hudhoofika, ilhali hii haipungukiwi na kitu. Mvumo wa tepu nao huchanganyika na upepo na majani, ukawa sehemu ya jioni.

Sisi tuliokulia kwenye kaseti za taarabu na nyimbo za bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam tunaingia hapa tukiwa na masikio tayari. Mvumo ule haujawahi kutuzuia kumsikia mwimbaji.

Usiruke wimbo, hata ukikushangaza. Baadhi huisha kabla hujaelewa zilianza vipi, na hutegemea nyimbo jirani zake. Maneno yaache kwa usikilizaji wa kwanza, yatakuja yenyewe.

Ukishaizoea, nenda kwenye Rejoicing in the Hands ya mwaka 2004, ambayo Gira aliisimamia kwa vifaa bora, ndani ya nyumba ya mtu kusini mwa Marekani. Gitaa linang'aa, sauti iko karibu. Ni nzuri sana, lakini mimi bado narudi kwenye ile ya kwanza. Katika wimbo uliobeba jina la albamu hii ya 2004 utamsikia Vashti Bunyan, Mwingereza aliyetoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970, ikauzwa kidogo sana, naye akauacha muziki kwa miongo mitatu. Albamu ile ilitolewa upya mwaka 2000, vijana wakaipenda, Banhart akamwandikia kumwomba ushauri, na mwaka 2005 mama huyo akatoa ya pili, Lookaftering. Hiyo ihifadhi kwa asubuhi.

Kwa mchana wenye jua kali, wakati unataka kelele kidogo, ipo On Avery Island, albamu ya kwanza ya bendi ya Neutral Milk Hotel, ya mwaka 1996. Humo gitaa linakwaruza na vyombo vya kupuliza vinapiga kelele kwa furaha. Wimbo wa mwisho ni mvumo mtupu wa zaidi ya dakika kumi. Upe nafasi ukiwa peke yako.

Na ukipenda msanii mdogo anayerekodi chumbani leo, mnunulie. Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao wenyewe, hukata asilimia 15 kwenye albamu ya kidijitali, na tangu mwaka 2020 imekuwa na Ijumaa maalumu ambazo haikati fungu lake. Subiri Ijumaa hiyo, ununue mbili.