Tetris 99: jua nani anakulenga kabla ya kupiga

Swali la wiki hii lilikuwa hivi: "Gemu gani ya zamani imerudi na sura mpya ikawa tamu kuliko mwanzo, na mtu aichezeje ili aifaidi?" Jibu ni Tetris 99. Nitakaa zaidi kwenye nusu ya pili ya swali, maana ya kwanza haina ubishi mwingi.

Tetris yenyewe ilitungwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984. Huku kwetu wengi waliijua kama gemu ya matofali, kwenye vile vidude vya mkononi vya betri vyenye skrini ya kijivu. Tetris 99 ilitoka Februari 2019 kwa ajili ya Nintendo Switch. Walioitengeneza ni kampuni ya Arika, na anayelipia huduma ya mtandaoni ya Nintendo anaipakua bila kuongeza hela. Vipande ni vilevile 7, kisima, yaani uwanja ambamo vipande vinadondokea, ni kilekile cha safu 10 za wima kwa mistari 20 ya mlalo. Kilichoongezeka ni watu. Kuna wachezaji wengine 98, visima vyao vidogo vimepangwa kushoto na kulia kwa chako, na mistari unayofuta wewe inageuka taka, yaani mistari ya matofali inayompandia mwingine kutoka chini. Anayebaki peke yake ndiye mshindi.

Mgeni akiingia hudhani haya ni mashindano ya vidole vyepesi, basi anafuta mstari mmoja mmoja mbiombio. Kasi hiyo haimuumizi mtu. Mstari mmoja hautumi chochote; miwili kwa pamoja inatuma taka 1, mitatu inatuma 2, minne inatuma 4. Ukifuta minne, kisha mara inayofuata ukafuta minne tena bila kufuta michache katikati, unaongezewa 1. Kwa hiyo anayejua mchezo hujenga safu 9 na kuacha mfereji wa safu moja pembeni, akisubiri kijiti kirefu, kile kipande cha matofali manne yaliyonyooka.

Kusubiri huko si kamari. Vipande hugawiwa kwa mafungu ya 7, kila fungu lina kila umbo mara moja, ndani yake vimechanganywa. Hivyo katikati ya kijiti kimoja na kingine hapawezi kupita zaidi ya vipande 12. Na mistari minne yenye safu 9 ni vyumba 36, yaani vipande 9 tu. Kijiti kikija mapema, kiweke akiba: gemu inakuruhusu kutunza kipande kimoja pembeni ukitumie baadaye. Kikichelewa, tayari una hesabu kichwani. Anayelalamika kwamba "gemu inaninyima kijiti" mara nyingi amekijengea mfereji usiofikika: kuna kitofali kimoja kimeuziba juu.

Sasa tuje kwenye kulenga, yaani kuchagua nani apokee taka zako, maana hapa ndipo utamu ulipo na ndipo wengi hawagusi kabisa. Machaguo ni manne: kulenga ovyo, kulenga waliokaribia kutolewa, kulenga wenye beji, na kulenga wanaokulenga wewe. Hilo la mwisho ndilo linalobadilisha mchezo. Watu wengi wakikulenga kwa pamoja, gemu inakuongezea nguvu: wakiwa 2 unapata taka 1 ya ziada, wakiwa 3 unapata 3, wakiwa 4 unapata 5, wakiwa 5 unapata 7, na kuanzia 6 unapata 9. Chukua mfano. Watu 4 wamekuzunguka, mfereji uko tayari, kijiti kimo akibani. Hamia kwenye chaguo la wanaokulenga, kisha kidondoshe: 4 na 5 ni 9, na zinawaendea wote wanne. Mtu aliyekuwa na kisima nusu hapo yuko ukingoni mwa kutolewa. Ndiyo maana kuandamwa na kundi ni balaa kwa asiyejiandaa, na kwa aliyejiandaa ni sikukuu.

Wasipokuwepo wanaokulenga, chaguo hilo halina faida kubwa. Rudi kwa waliokaribia kutolewa. Kila unayemtoa anakupa kipande cha beji, pamoja na vile alivyokuwa navyo mwenyewe. Vipande 2 vinaongeza mashambulizi yako kwa asilimia 25, 6 asilimia 50, 14 asilimia 75, na 30 asilimia 100. Mtu aliyefika kumi bora bila beji hata moja anapigana kwa fimbo na wenye bunduki. Kujificha mwanzo hadi mwisho, kwa maoni yangu, ni kujidanganya.

Taka unazotumiwa hazipandi papo hapo. Zinapanga foleni pembeni mwa kisima chako, zikibadilika rangi hadi nyekundu, na foleni haizidi 12. Mambo mawili hapa yafaa kukaririwa. Kwanza, mashambulizi yako hupunguza foleni yako kabla ya kumfikia mwingine. Pili, taka huingia pale unapotua kipande bila kufuta chochote. Ukifuta walau mstari mmoja, hazipandi kwa zamu hiyo. Kwa hiyo foleni ikiwa nyekundu, ule mstari mmoja tuliousema kuwa hauna maana unakuwa ndio pumzi yako. Zikishapanda, kila mstari wa taka una tundu moja. Chimba kufuata matundu hayo, usijenge juu yake kwa tamaa ya minne mingine.

Kipigo cha kujifunza baada ya hapo ni kuingiza T, kile kipande chenye umbo la herufi hiyo, kwa kuizungusha. T ikifuta miwili kwa njia hii inatuma 4, sawa na kijiti kilichofuta minne. Jenga hivi: mstari wa chini ujae, ubaki na tundu moja. Mstari wa pili uwe na nafasi tatu wazi, ya katikati ikiwa juu ya tundu lile. Mstari wa tatu uwe na kitofali kimoja kinachofunika nafasi ya kushoto, kama ukingo wa paa. T ikitokea, izungushe kulia mara moja ili pua yake, kile kitofali kinachochomoza katikati, ielekee kulia, kisha ishushe taratibu mpaka ikae ndani ya tundu, halafu izungushe kulia mara ya pili. Pua inageuka chini na bega linaingia chini ya paa. Gemu inaihesabu kwa sababu tendo la mwisho lilikuwa kuzungusha na pembe tatu kati ya nne zinazoizunguka T zimejaa. Kosa la kila siku ni kubonyeza kitufe cha kudondosha ghafla: T inajifunga ikiwa imesimama, paa linabaki, na sasa una tundu lisilozibika.

Wakibaki 50 muziki unabadilika na kasi inapanda. Wakibaki 10 tena. Ukifika hapo, kisima chako kiwe kimeshuka. Mnara wa mistari 15 unaochezeka mwanzoni hauna nafasi ya kuzungusha kitu kwa kasi ile.

Kwa asiye na Switch, ipo TETR.IO, ya bure, inayochezwa kwenye kivinjari cha kompyuta tangu 2020. Sheria zake za taka si zile zile, lakini mfereji na T vinafanya kazi. Kabla ya kuingia kwenye mechi, fungua mipangilio ya vidole: kuna muda ambao kitufe kinashikiliwa kabla kipande hakijaanza kukimbia pembeni, na kuna muda kati ya hatua moja na nyingine kikishaanza kukimbia. Wachezaji wapya huiga namba za mabingwa na kushusha vyote viwili siku moja. Matokeo yake kipande kilichotakiwa kuhama hatua moja kinajibamiza ukutani. Punguza kimoja kidogo kidogo, cheza mechi kadhaa peke yako, na kipande kikianza kupitiliza, rudi hatua moja nyuma.